Masika ya Sikio Jipya

Jumatatu, 3 Machi

Mtaalamu wa masikio ameniagiza niandike kila siku nilichosikia, hata kama ni mlango tu. Nikamwambia mimi ni dobi, mikono yangu imezoea sabuni na pasi, kalamu niliiacha shuleni. Hakubishana nami. Alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: ANDIKA. Kwa hiyo naandika, asije akasema mgonjwa wake ni mkaidi, ingawa ni kweli.

Miaka saba iliyopita niliugua homa ya uti wa mgongo. Nililazwa nikiwa nasikia, nikaruhusiwa kurudi nyumbani sisikii hata radi. Mwezi uliopita walinipasua nyuma ya sikio la kulia wakapandikiza waya mwembamba ndani kabisa, na leo wameuwasha. Kwa nje navaa kidude nyuma ya sikio, chenye kamba fupi inayoishia kwenye kisahani cha sumaku kinachonasa kichwani. Wifi yangu anasema nimekuwa taa ya ukutani.

Yeye ndiye aliyenisindikiza. Ni dada wa marehemu mume wangu, tuliyemzika miaka minne iliyopita, na tangu niugue amekuwa masikio yangu: sokoni, benki, kwa wateja. Kidude kilipowashwa aliniinamia akasema, "Wifi, ni mimi," machozi yakimtoka. Mimi nikasikia bata aliyefungiwa kwenye debe. Nilicheka mpaka mtaalamu naye akacheka, na wifi akadhani ni furaha ya kuisikia sauti yake. Sijamwambia habari za bata.

Nyumbani binti yangu alikuwa ananingoja mlangoni. Tunamwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alikuwa haamki bila kuimba. Nilipoisikia sauti yake mara ya mwisho alikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa ana ishirini na miwili na ana mchumba. Akasema, "Mama." Yalikuwa mabati mawili yanagongana. Nikamwambia sauti yako nzuri, mwanangu. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwa sikio jipya.

Jumanne, 4 Machi

Masika yameanza. Mvua juu ya bati ni changarawe inayomwagwa kichwani mwangu. Nimevua kidude nikapiga pasi kwa amani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesikia: kijiko, bomba, wifi akipiga chafya. Chafya nimeitambua mwenyewe bila kuambiwa.

Jumatano, 12 Machi

Shuka za nyumba ya wageni hazikauki. Tuna kamba kumi na mbili uani na hatuna jua hata la kuazima. Tegemeo letu ni chumba cha nyuma, ambako mchumba wa Chiriku, ambaye ni fundi umeme, anatutengenezea mahali pa kukaushia, penye feni nne na vipasha joto. Ni zawadi yake kwangu kabla ya harusi, tarehe 31 Mei. Kijana mzuri, lakini jamani, ni mzito! Soketi moja inamchukua asubuhi nzima. Anaipima, anaitazama, anakwenda kunywa maji, anarudi kuipima tena. Wifi anasema, "Huyu akitumwa kuwasha mshumaa, jua litamtangulia."

Leo niliinama kuokota kibanio karibu na nguzo ya kamba, ambayo ni ya chuma, na kisahani kikahama kichwani kwangu kikanasa kwenye nguzo. Dunia ikazimika. Nikawa nazunguka uani natafuta sikio langu kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Fundi hakucheka. Alikibandua, akakifuta kwa shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili. Ndiyo faida ya mtu asiye na haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi ameacha kuwa bata. Sasa ni mwanamke mwenye mafua.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemsikia Chiriku akiimba.

Alikuwa anapiga pasi, kanipa mgongo, na mvua ilikuwa imepumzika. Kwanza nilidhani ni pasi inatoa mvuke. Kisha nikasikia kitu kinakwenda, kinasimama, kinakwenda. Nikaketi polepole juu ya furushi la shuka nisije nikamshtua. Miaka saba nimemwona akifungua mdomo na mabega yakicheza, na mimi nikiwa nje ya dirisha.

Maneno sikuyashika. Kupanda na kushuka kwa sauti nako sikukupata; kwangu ilikuwa sauti moja iliyonyooka. Nilichokipata ni mwendo. Nimefurahi mpaka nikalia, nikajifuta kwa foronya ya mteja, Mungu anisamehe.

Lakini sasa nikiandika, kuna jambo linanikereketa. Mwendo ule ulikuwa mzito, wa kujiburuta, hatua moja kisha kimya. Chiriku niliyemjua alikuwa anaimba mbio mbio mpaka anameza maneno. Huyu wa leo aliimba kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Jumamosi, 22 Machi

Ameimba tena. Uleule.

Jumanne, 25 Machi

Wifi naye huimba akifua. Wa kwake unakwenda kasi, mikono na maji na mdomo vyote pamoja. Nimejikuta natikisa mabega na kupiga vidole kwenye beseni. Aliponiona alinyamaza, akanitazama kidogo, kisha akaendelea kufua. Nadhani aliona haya. Ana miaka hamsini na moyo wa msichana. Angalau mmoja humu ndani ana raha.

Jumapili, 30 Machi

Nimegundua jambo. Fundi akiingia uani, wimbo wa Chiriku unakatika hapo hapo. Akitoka, unarudi, na unarudi ukiwa mzito zaidi. Mara tatu leo nimehesabu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Shuka zimeanza kunuka uvundo.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimuuliza wakati tunakunja shuka, yeye ncha ile, mimi ncha hii. "Uko sawa, mwanangu?"

"Niko sawa, mama."

"Na mambo ya harusi?"

"Yanakwenda vizuri. Kwani vipi?"

Uso wake ulikuwa unacheka. Zamani ningeishia hapo. Kwa miaka saba nimesoma nyuso za watu kama wenzangu wanavyosoma magazeti, na sikukosea sana: nilijua mteja atakayelalamika kabla hajafungua furushi. Lakini uso mtu huupanga akijua anatazamwa. Wimbo wake anauimba kanipa mgongo, haniimbii mimi wala mtu mwingine. Mgongo haudanganyi. Nikiwa na sikio, ya nini tena kuhangaika na nyuso?

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya tisa bila jua. Nyumba ya wageni imerudisha shuka thelathini, zote zina harufu. Tumezifua upya. Fundi amefunga feni ya pili. Chiriku ameimba mchana kutwa, na kila hatua ya wimbo ule inanikanyaga hapa kifuani.

Baba yake nilimpenda mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Sitaki mwanangu apate pungufu ya hapo kwa sababu ameona haya kumkataa kijana aliyetufungia feni.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nimefanya jambo la mama. Nimekwenda kwa mama yake Fundi, peke yangu, bila wifi. Ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Alinipokea kwa heshima zote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza baada ya miaka saba kuketi na mtu na kuzungumza naye bila mkalimani, na sifichi, nilijiona mkubwa.

Nikamwambia, "Mkwe, nimekuja na jambo gumu. Binti yangu hana raha na ndoa hii."

Akaweka kikombe chini. "Amekwambia?"

"Hajaniambia. Nimemsikia kwa sikio langu. Mtoto yule ana huzuni. Naomba tusimame kwanza."

Alikaza midomo. Zamani ningehangaika kuisoma midomo ile. Leo nilisikiliza sauti yake, ambayo ilikuwa ya taratibu, nikaona amenielewa. "Nimekusikia," alisema. "Tutasimama."

Nimerudi nimelowa na moyo mwepesi. Sijawaambia bado. Kesho.

Ijumaa, 18 Aprili

Fundi hajaja. Bisibisi zake ziko juu ya ngazi.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi Chiriku aliingia chumba cha pasi na simu mkononi. Fundi amemwandikia: *Kama hunitaki ungeniambia mwenyewe. Usingemtuma mama.*

"Mama, ulimwambia nini mama yake?"

"Nilimwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba huna raha. Mwanangu, usione aibu. Nimekusikia."

"Umenisikia nikisema?"

"Nimekusikia ukiimba."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya ng'ambo. "Kuimba? Mama, umekwenda kuvunja uchumba wangu kwa sababu naimba? Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza. Ukasema uko sawa."

"Kwa sababu nilikuwa sawa!"

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Nikamgeukia anisaidie, naye akatazama chini. Chiriku akaenda dirishani, akanipa mgongo, akasema kwa sauti ndogo, kama alivyozoea miaka yote alipotaka kutoa la moyoni bila mimi kulipata:

"Bora alipokuwa hasikii."

Nililisikia lote. Halikuwa na mabati wala changarawe. Tangu waniwashe sijapata kusikia sentensi safi kama hiyo, kila neno mahali pake. Wifi aliweka beseni chini, na Chiriku alipogeuka akaona uso wangu, akajua. Akatoka kwenye mvua bila kitu kichwani.

Mimi nimepiga pasi shuka moja mara nne.

Jumapili, 20 Aprili

Hakuna aliyezungumza leo. Nimesikia saa ya ukutani. Sikujua kama inafanya kazi.

Jumatano, 23 Aprili

Leo ilikuwa zamu yangu ya kliniki. Nilitaka kwenda peke yangu, wifi akachukua mwavuli akanifuata bila kuniuliza.

Mtaalamu ana kinanda kidogo mezani na kadi mbili, moja ina uso unaocheka, nyingine uso unaolia. "Nitakupigia vipande kumi," alisema. "Kila kimoja uniinulie kadi. Hakuna kufaulu wala kufeli, nataka kujua muziki unakufikiaje." Nikainua kadi haraka haraka, kama mwanafunzi aliyesoma. Vilikuwa rahisi. Nilimwuliza kama nimepata vyote.

Alipiga kipande kimoja polepole. Nikainua uso unaolia. Akapiga kingine kwa kasi. Nikainua unaocheka.

"Ni wimbo uleule, mama," alisema. "Noti zilezile. Nimebadilisha mwendo tu."

Kisha akapiga cha polepole, laini. Nikainua unaolia, safari hii bila haraka. Akasema, "Huu ni wa kumbembeleza mtoto mchanga." Akanielezea kwamba wengi wenye kipandikizi huwa hivyo. Kifaa kinaleta mapigo na mwendo vizuri, lakini kupanda na kushuka kwa sauti kinaleta nusunusu, na huko ndiko muziki huweka mengi ya moyo. Basi kichwa kinashika kile kinachopewa: cha mbio ni furaha, cha polepole ni huzuni.

"Kitatengemaa?"

"Ukijizoeza utapata zaidi ya hiki. Si vyote."

Nikamsimulia habari za Chiriku na wimbo wake, kisha nikasema, "Kwa nini hukuniambia mwezi uliopita?"

Aliona haya, masikini. "Ningekuambia. Sikujua kama utaanza kuutumia muziki kuwasoma watu mapema hivyo."

Mapema! Nimeutumia mpaka kwa Mwalimu.

Tuliketi kwenye benchi la nje tukingoja mvua ipungue. Ndipo nikakumbuka. Nikamwuliza wifi, "Na wimbo wako wa kufulia?"

"Una nini?"

"Ni wa nini?"

Alikunja mwavuli, akaukunjua. "Uliuona ukiimbwa, wifi, ila hukuusikia. Ni ule tuliomzikia kaka yangu. Kaburi lilikuwa linajaa maji, vijana wakawa wanafukia mbio mbio, na sisi tukaimba kwa mwendo wa majembe. Tangu siku ile sijaweza kuuimba polepole."

Niliikumbuka midomo. Nilikuwa nimesimama pale pale, nawaona wote wanafungua na kufunga midomo haraka haraka, nikawachukia kwa haraka yao. Na mwezi uliopita nimeutikisia mabega.

"Mbona hukunikataza?"

"Nilitaka. Halafu nikasema, mwache. Kaka yangu alipenda kukuona ukicheza."

Nilimshika mkono na sikuuachia mpaka nyumbani, hata tulipovuka barabara na mwavuli ukageuka nje ndani.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemtafuta Fundi. Nilimkuta kwa kinyozi, juu ya ngazi, anafunga taa juu ya kioo. "Shikamoo, mama," alisema, akaanza kushuka, kidato kimoja, kingine, kingine. Nilipata muda wa kusahau maneno yote niliyoyapanga.

"Marahaba, baba. Nimekuja kusema nimekosa. Chiriku hakunituma. Hajui hata kama niko hapa. Nilimsikia anaimba polepole nikadhani analia."

"Wimbo gani, mama?"

Sina sauti ya kuimbia, kwa hiyo niliugonga kwenye ngazi: moja, kimya, mbili, kimya. Sijafika mbali uso wake ukaanza kufunguka. Alipofungua mdomo, kinyozi alikuwa amesimamisha mashine ili asikie.

"Huo wangu," alisema.

"Wako vipi?"

"Amenitungia mimi. Ananitania. Anasema mimi kila kitu polepole, basi hata wimbo wangu ukipigwa mbio utaniacha nyuma." Akanisemea maneno taratibu nimwone midomo: *Njoo taratibu, fundi wangu, sina gari la kuwahi, soketi moja kwa siku, na maisha ni marefu.* "Nikiingia anaona haya, anaacha. Lakini nausikia toka nje. Huwa nasimama kwanza mlangoni."

Kinyozi akacheka. Mteja wake, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa, akacheka. Mimi nikalia, na kilio changu, najua, hakikuhitaji kadi.

Fundi akasubiri nimalize. Kisha akauliza, akitazama bisibisi, "Lakini yeye ananitaka, mama?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. "Kamuulize mwenyewe. Mimi nimestaafu kuwasemea watu."

Jumapili, 27 Aprili

Tumekwenda kwa Mwalimu, mimi na wifi. Nikaomba radhi. Akasema, "Sijasikia vizuri, rudia." Nikarudia. Akasema, "Sasa eleza kwa maneno yako mwenyewe." Wifi alijifanya anakohoa. Nilipoeleza habari za kinanda na kadi, Mwalimu alivua miwani.

"Kuuliza si ujinga, mkwe," alisema. "Hilo niliwafundisha watoto miaka thelathini na tano. Siku ile na mimi sikukuuliza umesikia nini hasa. Nilikasirika tu nikakutazama ukiondoka na mvua yote ile." Akatumiminia chai. "Mwanafunzi hafukuzwi shule kwa swali moja. Tarehe iko palepale."

Jumatatu, 28 Aprili

Fundi amerudi. Feni ya tatu. Alizungumza na Chiriku nyuma ya shuka zilizoanikwa, nikaona miguu minne chini ya shuka, imesimama karibu. Nilivua kidude. Si kila kitu ni changu.

Jumatano, 30 Aprili

Chiriku amekuja kuniomba radhi kwa lile neno la dirishani. Alilia, akanishika miguu, nikamwinua. Nilimwambia limekwisha, nami nikamaanisha. Tumepatana.

Lakini hajaimba tangu tarehe 19.

Jumapili, 4 Mei

Hajaimba.

Alhamisi, 8 Mei

Hajaimba. Najua maana nazunguka na kazi zangu kumfuata, kama paka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia wazi. "Mwanangu, imba. Nimejifunza."

Akatabasamu. "Naogopa, mama. Nikiimba utakwenda kwa nani?"

Ilikuwa mzaha, tukacheka wote. Kisha akaacha kucheka. Akasema si hasira. Akianza tu anakumbuka kwamba nasikiliza, kwamba nimekaa pale napima, na koo linafunga. Zamani alikuwa anaimba peke yake hata nikiwa karibu. Sasa hayuko peke yake.

Nimekaa na maneno haya siku nzima. Nilipasuliwa kichwa ili nimsikie mtoto huyu, na kusikia kwangu ndiko kumemnyamazisha. Zimebaki wiki tatu aondoke.

Jumatano, 14 Mei

Mvua inachoka. Saa mbili za jua leo. Shuka arobaini zimekauka.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi tulikuwa wawili tu chumbani. Nikamwita, akageuka. Mbele yake nikatoa kisahani kichwani, nikatoa kidude nyuma ya sikio, nikavitia ndani ya kopo nililopewa kliniki la kuvitoa unyevu, nikafunga kifuniko. Nikaliweka kopo kwenye rafu ya juu, nisiyoifikia bila kigoda.

"Imba," nikamwambia. "Siko."

Aliniambia kitu, sikumtazama midomo. Nikachukua foronya zangu nikageukia meza. Baada ya muda mrefu nikatupa jicho. Mabega yalikuwa yameanza kucheza. Mkono wa pasi ulikuwa unakwenda nao. Aliimba mpaka furushi likaisha, na mimi nikapiga pasi kando yake, kimya kitupu. Sikupata hata mwendo. Sijui kama ulikuwa wa mbio au wa polepole, na sikuuliza.

Jumatatu, 19 Mei

Tumefanya tena.

Alhamisi, 22 Mei

Na leo. Wifi ameingia akatukuta, mmoja anaimba, mwingine kiziwi kwa hiari yake. Akatazama kopo juu ya rafu, akatutazama, akatoka akafunga mlango taratibu. Niliona tu komeo likishuka.

Jumamosi, 24 Mei

Chumba cha kukaushia kimekamilika, siku ambayo jua limewaka asubuhi hadi jioni. Fundi amewasha feni zote nne. Wifi akamshukuru, kisha akasema, "Masika yajayo tutakuwa tayari kabisa, baba." Fundi alielewa mzaha huo ilipofika saa kumi.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeshona vifungo vya gauni. Vidole vimechomwa na sindano. Naandika hivi tu.

Jumamosi, 31 Mei

Harusi imekwisha, jua halijazama bado. Wifi amejilaza kochini na viatu. Mwalimu alitoa hotuba, akatuamuru tukae wima. Fundi alichelewa dakika arobaini, na hakuna aliyeshangaa. Muziki wa ukumbini kwangu ulikuwa mtu anayepiga masanduku, lakini nimecheza, na wifi alinishika kiuno akinipa zamu ya kugeuka. Mtoto wangu ameondoka. Yote haya nitayaandika vizuri siku nyingine. Ninalotaka kuandika leo ni la asubuhi.

Nilikuwa nyuma yake namfunga vifungo vya mgongoni. Nilikuwa nimeshavua kidude, kiko ndani ya kopo, kwa sababu nilijua atataka kuimba na sikutaka koo limfunge siku hii kuliko zote. Mara akatoka mikononi mwangu, gauni likiwa wazi nusu, akapanda kigoda, akateremsha kopo. Akalifungua. Aliniweka kidude sikioni mwenyewe, akakosea mara mbili, kisha kisahani kikanasa.

"Vaa, mama," nikasikia.

Akanigeuzia mgongo tena niendelee na vifungo, akaanza kuimba. Haukuwa wa Fundi. Sikuwahi kuusikia. Ulikwenda mbio kidogo, ukasita, ukaenda polepole, ukajaribu tena mbio. Nikangoja ukae kwenye mwendo mmoja ili niushike, haukukaa. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka chini ya vidole vyangu na haukuniambia lolote. Nikainama nimwone usoni kwenye kioo. Macho yamejaa, midomo inacheka.

Nikasema, "Mwanangu, nakuuliza. Huu ni wa furaha au wa huzuni?"

Alifikiri kwa kweli, kama mtu aliyeulizwa njia.

"Sijui, mama."

"Wewe na masikio yako mawili hujui?"

"Sijui kabisa."

"Basi endelea," nikamwambia. "Tutajua mbele."

Akaendelea, na mimi nikaendelea na vifungo. Vilikuwa vingi.